Paka Mlangoni pa Mzazi

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe. Mwanangu wa kiume, kitinda mimba wangu, aliyejenga nyumba hii ya matofali hapa Kinyangiri akanitoa kwenye tembe, nyumba yetu ya zamani ya udongo. Mke wake, aliyekuwa ametoka kujifungua na arobaini yake haijaisha. Mama yake huyo mke, aliyepanda basi kutoka Manyoni kuja kumkanda mwanawe na kumpikia uji. Mimi na yeye tunaitana mkwe. Mjukuu wangu wa kike, yatima wa binti yangu mkubwa, niliyemlea tangu hajaota meno, na wakati ule alikuwa shule ya msingi. Mtoto mchanga mwenyewe, wa kike. Halafu paka.

Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na ya mababu wa baba zao. Mimi shule niliiacha mapema lakini jina la mtu halijawahi kunipotea. Siyaandiki kwa sababu wenyewe wapo hai na hawajaniruhusu. Basi mke wa mwanangu nitamwita mzazi, maana siku zile kila mtu alimwita hivyo. Nikisema mkwe, ni yule mama wa Manyoni.

Ilikuwa mwezi wa saba, kipupwe. Anayeijua wilaya yetu ya Mkalama anajua upepo wa mwezi wa saba. Alizeti ilikuwa imeshavunwa, magunia yamejaa stoo, na upepo unapita juu ya mashamba matupu mpaka ukutani kwetu bila kuzuiwa na kitu. Mzazi na mtoto mchanga hawakai kwenye baridi ya namna ile. Mwanangu akasema chumba changu ndicho kidogo, ndicho chenye joto, nimwachie mkewe. Nikatoka. Nikatandika kitanda changu stoo, kati ya magunia.

Tatizo ni kwamba mimi nilihama, paka hakuhama.

Alikuwa paka wa rangi ya majivu, dume, mnene kwa panya wa alizeti. Alikuwa na mimi tangu kwenye tembe. Kila kipupwe alilala chumbani kwangu, kando ya jiko, na mimi sikumkataza. Sasa mle ndani kumewekwa jiko kubwa la mkaa kwa ajili ya mzazi, joto linatoka hata chini ya mlango, na yeye kafungiwa nje. Usiku wa kwanza alikaa mlangoni akalia. Na kilio chake, Mungu anisamehe, hakikuwa nyau nyau ya paka. Alikuwa anavuta sauti kama mtoto aliyeachwa na mama yake njiani.

Asubuhi mkwe alitoka na khanga kichwani, uso umevimba. Hata hatujamaliza kusalimiana akasema, "Mkwe, hapa kwenu paka wanalia hivi?"

"Anataka joto tu, mkwe."

"Joto! Jikoni hakuna joto?"

"Amezoea chumba kile."

"Amezoea." Akalirudia hilo neno taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Kwetu paka akililia mlango wa mzazi, watu hawasemi amezoea."

Nilikwenda kuchochea moto, na nilikuwa naogopa. Nyinyi vijana mtasema bibi aliogopa nini, maneno tu. Nitawaambia. Mimi ni mjane, mzee, macho yangu ni mekundu kwa kupika na kuni maisha yangu yote. Na paka alikuwa wangu. Wanawake wa rika langu tunajua macho mekundu yamewaponza wangapi wakaitwa wachawi. Namkumbuka jirani yetu wa zamani, jina lake ninalo, aliondoka kijijini alfajiri na kifurushi kimoja kwa sababu ya neno lililoanzia kwenye msiba wa mtoto. Neno kama lile la mkwe, lilelile, dogo.

Na mtoto alikuwa ndiyo kwanza kazaliwa. Na mimba ya kwanza ya mzazi ilikuwa imeharibika. Kila nilipomtazama yule mtoto kwenye khanga zake niliomba asikohoe.

Basi tukaanza kazi ya kumzuia paka. Mjukuu alimfungia kwenye jiko la nje. Akatokea kwenye uwazi wa bati, akarudi. Tukampa dagaa za kutosha mbwa, tukitumaini atashiba alale. Alishiba, akaja kulia akiwa ameshiba. Mkwe alisaga pilipili akainyunyiza kizingitini. Asubuhi aliyepiga chafya ni mwanangu, amekanyaga pilipili, akapangusa mguu kisha jicho. Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini.

"Cheka," mkwe akamwambia. "Wewe cheka tu. Bibi yako ana paka mwenye digrii."

Mwanangu akamtia paka kwenye gunia, akampeleka kwa pikipiki mpaka ng'ambo ya mto mkavu, akamwachia huko. Nilishinda siku ile nikisikia nafuu na aibu kwa pamoja. Usiku uliofuata tulilala. Ule mwingine, tumeshazima taa, nikasikia kucha kwenye mbao. Krr. Krr. Halafu ile sauti.

Mkwe alipaza sauti kutoka ndani ya chumba, "Toka! Toka mshenzi wewe, na aliyekutuma naye atoke!" Ndala ikagonga mlango kwa ndani, pa!

Ikawa ndiyo kawaida ya nyumba. Paka analia, mkwe anatukana, ndala inagonga mlango, kimya kidogo, paka anaanza tena. Mwanangu alilala sebuleni kwenye godoro, akajifunika mto masikioni. Mjukuu alihamia kwangu stoo, ananikumbatia mgongoni. "Bibi, huyo ni paka kweli?" Namwambia ni paka, lala. Lakini sauti yangu mwenyewe sikuiamini.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penyewe.

Mkwe hakuogopa kelele. Aliogopa paka akiingia atamlalia mtoto usoni, au atafanya kile alichotumwa kufanya. Kwa hiyo kila asubuhi alitafuta pa kuziba. Chini ya mlango aliingiza kipande cha blanketi. Dirisha ni la vioo, la kisasa, lilikuwa halifungi vizuri upande mmoja, akalishindilia matambara. Juu ya dirisha fundi alikuwa ameacha matundu ya hewa. Mkwe aliniomba nguo kuukuu, nikampa kitenge changu kilichochanika, akapanda juu ya stuli akayaziba moja moja huku akisema, "Mkia hautapita hapa. Hata sharubu."

Niliingia kuchukua nguo zangu. Chumba kilikuwa na joto la kukaba.

"Mkwe, mnalalaje humu? Pazito."

"Mzazi hapigwi na upepo. Wewe hukukandwa?"

"Nilikandwa. Ila sisi tulikuwa kwenye tembe."

"Na tembe halikuwa na moto?"

"Ulikuwepo. Wa kuni."

"Basi huu ni bora. Mkaa hauna moshi. Mtoto hata hakohoi, ona."

Kweli hakukohoa. Nami ningeendelea kusema niseme nini? Niseme acheni tundu moja wazi? Paka wangu anatafuta pa kuingilia usiku kucha, halafu mimi ndiye wa kusema acheni tundu wazi? Nilichukua nguo zangu nikatoka.

Kukanda mzazi kwa moto ni desturi yetu na ni desturi ya kwao Manyoni pia, katika hilo hatukuwa na ugomvi. Mimi mwenyewe nimelala na moto uzazi wangu wote. Lakini tembe lile la udongo lilikuwa limejaa nyufa, paa la miti na udongo, moshi ukizidi unalia machozi, unatoka nje, unarudi. Nyumba ya matofali na vioo, ukiiziba imezibika. Na mkaa hausemi kitu. Haya nayajua leo.

Mzazi alianza kulalamika kichwa. Anaamka asubuhi macho mazito, anasema kichwa kinapasuka, uji hautaki. Tukasema ni usingizi, huyo paka hawaachi walale. Mkwe naye kichwa, naye kichefuchefu, naye akasema ni paka. Walipotoka kuota jua uani walipata nafuu kidogo, wakasema tumeona, mbali na mlango ule kichwa kinaacha. Kila dalili tulimpa paka. Na mtoto alikuwa mpole, analala sana. Wanawake wa jirani walipokuja kumwona walimsifu, "Mtoto gani hasumbui hivi!"

Jioni ile baridi ilikuwa kali kuliko zote. Mjukuu alijaza jiko mkaa mpaka juu, akalipepea nje mpaka likawa jekundu, akalipitisha ndani. Mkwe akafunga mlango, nikasikia komeo likiingia. Komeo lile mwanangu alilipigilia siku hiyohiyo, kwa agizo la mkwe, kwa ajili ya paka.

Nikalala. Paka alinianzishia katikati ya usingizi. Krr. Halafu ile sauti ndefu. Nikafumba macho nikingojea matusi ya mkwe.

Hayakuja.

Paka akalia tena. Nikangojea ndala. Hakuna. Nikajiambia amechoka, leo kapata usingizi, mwache. Paka akalia mara nyingine, mimi nimelala macho nimetoa, na ghafla nikaogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa yule paka. Siku zote zile nilikuwa naumia yule mama akitukana, kila tusi nililiona linanijia mimi. Sasa nilitamani anitukane. Anitukane kwa jina langu, na la baba yangu.

Nikaenda mlangoni nikipapasa ukuta. Paka akanizunguka miguuni, nikamsukuma. Nikagonga. "Mkwe." Nikagonga kwa ngumi. "Mkwe! Mzazi! Mama wee, fungueni!"

Mwanangu akaamka. "Mama, nini?"

"Hawaitiki."

"Wamelala."

"Hawajalala! Paka analia na mama yako mkwe hatukani!"

Hilo alilielewa mara moja. Alikuja mbio, akaweka mkono kwenye mlango, halafu akasimama. Jamani, akasimama. Na wenye kujua desturi zetu mtajua kwa nini. Kwetu mwanaume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hampi mkono, hamtazami usoni, hakai naye jamvi moja. Tangu yule mama aje, mwanangu alikuwa hajaingia chumba kile mkwewe akiwemo. Akitaka kumwona mtoto, mjukuu anamletea uani. Na mkwe alikuwa mle ndani, usiku, katika joto, labda na upande mmoja wa khanga, labda hana.

"Mama, na yeye yumo," akaninong'oneza.

"Yumo."

"Je, kama amelala tu? Nikimkuta vile?"

Mtoto wangu si mwoga, lakini lile ni jambo ambalo mtu amefundishwa tangu anatambaa. Nikamshika shingo kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo, ingawa ilinibidi ninyanyuke kwa vidole. "Ukifanya dhambi ni yangu. Nitaijibu mimi. Vunja!"

Akapiga bega. Mlango haukutoka, tulikuwa tumeukaza vizuri, na blanketi chini. Akapiga tena, komeo likang'oka na kipande cha fremu.

Joto lilitoka kama mtu amefunua chungu. Mjukuu alikuwa nyuma yetu na tochi ya simu, na kile kimwanga ndicho tulichoonea. Jiko katikati, bado lina wekundu. Mkwe alikuwa chini, karibu kabisa na mlango, kalala kifudifudi, mkono umenyooka. Alikuwa anakuja kufungua. Mzazi alikuwa kitandani, mdomo wazi, mtoto kwenye mkono wake. Hakuna aliyejigeuza kwa kelele zote zile.

Mimi nilimchukua mtoto. Alikuwa mlegevu, mlegevu kama nguo iliyoloa. Nilitoka naye mpaka uani kwenye upepo uleule tuliokuwa tukimkinga nao. Nikamfunua uso. Nikampuliza. Nikamwita kwa jina, ambalo lilikuwa jina langu mimi. Alikuwa amepewa jina langu, na nikaona vibaya kujiita mwenyewe gizani vile, nikaona kama naita mtu wa kwenda naye.

Mwanangu akamtoa mkewe. Akarudi. Akamtoa na mkwe, amembeba mikononi kama mtoto, uso kaugeuzia upande. Hata wakati ule alikuwa hamtazami. Mjukuu akavua sweta lake la shule akamfunika.

Mkwe ndiye aliyezinduka kwanza, kwa kutapika. Alishika ardhi, akatapika tena, akainua kichwa. Neno lake la kwanza, nawaapia, lilikuwa, "Nani kanibeba?"

Mwanangu alikuwa amegeukia ukuta.

"Nimeuliza, nani kanibeba?"

"Mimi," nikamwambia.

"Wewe huna mgongo wa kunibeba mimi," akasema, akalala tena.

Mzazi alikuwa anapumua, tulimwona kifua, ila haamki. Mtoto mimi nilikuwa sina hakika. Nilikuwa namwekea shavu langu puani na upepo ule haukuniacha nijue pumzi ni yake au ni ya Mungu. Jirani yetu mwenye guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea alizeti, alisikia makelele, akaja nalo hata shati hajavaa. Tulipanda wote kule nyuma juu ya maturubai, mwanangu kamshika mkewe, mkwe kajishika mwenyewe, mimi na mtoto ndani ya nguo zangu, ngozi kwa ngozi. Mjukuu alibaki na nyumba. Barabara ya kwenda kituo cha afya ilikuwa mashimo matupu na mimi niliyashukuru yale mashimo, nikitumaini yatamtikisa.

Pale kituoni nesi wa zamu alimchukua mtoto kutoka kifuani kwangu kabla hatujasema kitu. Akauliza, "Mlilala na moto?"

Mkwe akasema, "Mkaa tu. Hauna moshi."

Nesi alikuwa anamwekea mtoto kile kikombe cha hewa ya mtungi puani. Mzazi naye wakamwekea. Baadaye tu, wote wakishapumua vizuri, ndipo alipotuelezea kwamba mkaa unatoa sumu isiyoonekana wala kunusika, kwamba chumba kikizibwa sumu hiyo inamlaza mtu bila kumwamsha, na kwamba vile vichwa vya kuuma kila asubuhi vilitokana na sumu hiyohiyo. Mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigeukia, machozi yanamtoka, macho yake mekundu kama yangu.

"Na mimi nilikuwa nakuangalia wewe," akasema.

"Najua, mkwe."

"Ulijua?"

"Macho si unayo makubwa."

Akacheka na kulia pamoja, akanipiga begani. Hatujalizungumza tena mpaka leo, na sidhani kuna haja.

Kuhusu kubebwa, alilifuatilia. Alisema kwao jambo lile haliachwi hivihivi, mkwe akionwa vile lazima afunikwe. Mwanangu alimnunulia vitenge na blanketi zito, akavituma kupitia kwangu, na yeye akavipokea kupitia kwangu, huku wamekaa ua mmoja wamepeana migongo, kila mmoja anasikia kila neno. Blanketi akalisifu kwa sauti ili lisikike ng'ambo.

Mzazi anasema paka ndiye aliyewaokoa. Anamwekea maziwa. Mimi sisemi hivyo. Paka alitaka joto, na kama tungemfungulia angelala mle kando ya jiko akafa pamoja nao. Na kama asingelia, wasingeziba. Nimelifikiria hilo mara nyingi na kila mara linaniishia mahali tofauti. Ninachojua ni kwamba tuliogopa kitu kilichokuwa nje ya mlango, kinapiga kelele, na kile cha ndani kilikuwa kimya.

Matundu ya hewa tuliyazibua asubuhi ileile. Jiko halijaingia tena chumbani kwa mtu. Nikilala, mlango wangu nauacha wazi, na wakiniambia bibi baridi, nawaambia heri baridi, baridi nitaisikia.

Mtoto ni mzima. Anakimbia, anatukana kama bibi yake wa Manyoni. Lakini kuna jambo moja sisi tuliokuwepo hatupatani. Mimi nakumbuka alilia mara ya kwanza mikononi mwa nesi, ndani, chini ya ile taa nyeupe, kilio chembamba sana. Mkwe anasema hapana, alilia kabla, tukiwa bado kwenye guta, pale barabara inaposhuka, na kwamba mimi sikusikia kwa sababu nilikuwa nalia kwa sauti kubwa. Mwanangu anasema hakumbuki chochote cha njiani. Ningependa iwe kama asemavyo mkwe, maana ile njia yote mimi niliipita nikiogopa kwamba nimebeba maiti. Jirani wa guta alikuwa mbele, labda alisikia, na labda kuna mwingine aliyeamka tulipopita karibu na nyumba yake. Kama nimeandika vibaya, hilo au lingine lolote, naomba mnisahihishe, na mniambie mtoto alilia wapi.